Amplifaya za kale za Japani: kwa nini wapiga gitaa bado wanazitafuta

Katika mtaa wa Ochanomizu jijini Tokyo, unaosifika kwa wingi wa maduka ya magitaa, huuzwa bidhaa ambayo kwa desturi ya biashara ya elektroniki ingekuwa imekwisha kusahauliwa zamani: amplifaya za gitaa zinazotumia transista, zilizoundwa nchini Japani kati ya miaka ya 1960 na ya 1980. Televisheni na vinasa sauti vingi vya zama hizo vimeishia majalalani au katika makumbusho. Amplifaya hizi, kinyume chake, zingali zinanunuliwa na watu wanaokusudia kuzifanyia kazi jukwaani, studioni na katika vyumba vya mazoezi.

Jambo hilo linashangaza, kwa kuwa kwa miaka mingi wapiga gitaa walikuwa na imani moja isiyoyumba: kwamba amplifaya ya kweli ni ile yenye valvu za kioo, na kwamba transista ni njia ya mkato ya kupunguza gharama. Vipi basi vyombo vilivyodharauliwa na wajuzi vikageuka kuwa vyombo vinavyotafutwa? Na mtu aishiye Afrika Mashariki, anayetamani kukiagiza kimojawapo, azingatie nini ili fedha zake zisiishe kwa moshi? Makala haya yanajibu maswali hayo.

Kazi ya amplifaya

Gitaa la umeme, likipigwa peke yake bila kuunganishwa na chochote, husikika kwa shida hata ng'ambo ya chumba. Chini ya nyuzi zake mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hizo, huzalisha mkondo hafifu mno wa umeme. Kazi ya amplifaya ni kuupokea mkondo huo, kuukuza mara nyingi, kisha kuutia katika spika ambayo huugeuza kuwa sauti.

Hadi miaka ya 1950, kazi hiyo ya kukuza ilifanywa na valvu: chupa za kioo zilizoondolewa hewa, zenye waya wa kupasha joto ndani yake. Valvu hufanya kazi vizuri, lakini huhitaji volti mia kadhaa, hutoa joto jingi, hudhoofika kadiri zinavyotumika, na huweza kuvunjika chombo kikidondoka. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell nchini Marekani, ilileta njia nyingine. Kipande kidogo kigumu, kisicho na kioo wala waya wa joto, kiliweza kufanya kazi ileile kwa volti chache. Wavumbuzi wake watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956.

Tofauti ya valvu na transista husikika zaidi amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake. Mfano wa dari utasaidia kulieleza jambo hili. Wimbi la sauti likiwa refu kuliko nafasi iliyopo, lazima ncha yake iguse dari. Katika amplifaya ya valvu, wimbi huinama polepole linapokaribia dari, na sikio hupokea mkwaruzo laini unaopendeza. Katika amplifaya nyingi za transista, wimbi hupanda moja kwa moja hadi darini kisha hukatwa ghafla, na sikio hupokea ukali unaochoma. Kwa wapigaji wa roki na bluzi, ambao mkwaruzo ni sehemu ya lugha yao, hiyo ilikuwa kasoro kubwa.

Kulikuwa na kasoro nyingine pia. Transista za mwanzo zilitengenezwa kwa jerumani, madini yasiyostahimili joto. Hata baada ya silikoni kushika nafasi yake, waundaji wengi walikuwa bado wanajifunza namna ya kuzilinda. Nchini Marekani, kampuni ya Fender ilitoa amplifaya zake za transista mwaka 1966. Ziliharibika mara kwa mara, na uzalishaji wake ukakoma mapema katika miaka ya 1970. Sifa mbaya iliyotokana na vyombo vya namna hiyo ilidumu muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe.

Japani na homa ya gitaa la umeme

Japani ilikuwa na sababu zake za kuitazama transista kwa jicho jingine. Kampuni ndogo ya Tokyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Sony ilipata leseni ya teknolojia hiyo kutoka Marekani, na mwaka 1955 ikatoa redio yake ya kwanza ya transista, TR-55. Katika miaka michache tu redio za mfukoni kutoka Japani zilienea duniani kote. Nchi ikapata kizazi cha wahandisi na mafundi waliozoea transista tangu ujanani mwao, pamoja na viwanda vilivyoweza kuwapatia vipuri kwa bei nafuu.

Wakati huohuo vijana wa Kijapani walipatwa na homa ya gitaa la umeme, ambalo kwa lugha yao waliliita kwa ufupi “ereki”. Bendi ya Kimarekani ya The Ventures, iliyopiga muziki wa magitaa bila mwimbaji, ilizuru Japani na kuacha athari kubwa. Mwaka 1965 mwigizaji na mwanamuziki Yuzo Kayama aliigiza katika filamu iliyolifanya gitaa la umeme kuwa kitovu cha hadithi yake. Mwaka uliofuata The Beatles walipiga katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Kila kijana aliyenunua gitaa la umeme alihitaji na amplifaya, na nyingi kati ya amplifaya walizozinunua zilitoka katika viwanda vya nyumbani, vikiwemo Teisco, Guyatone na Elk.

Vyombo vya awali havikuwa vyote vya ubora wa juu. Vingi vilikuwa vidogo, vya bei ya chini, vilivyolengwa kwa wanaojifunza. Hata hivyo, vilikuwa na maumbo na rangi ambazo hazikuonekana kwingineko, na leo baadhi ya wapigaji huvitafuta kwa ajili ya mkwaruzo wao mkavu usiofanana na wa valvu. Kasoro ya jana, kwa masikio ya leo, imekuwa ladha.

Mtoto yatima wa Osaka

Mabadiliko makubwa yalitoka Osaka. Ikutaro Kakehashi alizaliwa huko mwaka 1930, na wazazi wake wote wawili walifariki kwa kifua kikuu angali mtoto mdogo. Katika ujana wake alitengeneza saa, kisha redio. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu na kulazwa hospitalini kwa miaka kadhaa, mpaka dawa mpya ya streptomaisini ilipomrudishia uhai. Alipotoka alifungua duka la umeme, na mwaka 1960 akaanzisha kampuni ya Ace Electronic Industries, iliyotengeneza vinanda vya umeme, mashine za midundo na amplifaya kwa jina la Ace Tone.

Mwezi Aprili mwaka 1972 Kakehashi alianza upya kwa kuunda kampuni ya Roland. Jina hilo si la Kijapani. Lilichaguliwa kwa kuwa ni fupi na ni rahisi kutamkwa na wateja wa mataifa mengine. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, kampuni hiyo ilitoa amplifaya iliyobadilisha mjadala mzima: JC-120, iitwayo Jazz Chorus.

Kwa nje, JC-120 ni sanduku jeusi lenye uso wa rangi ya fedha, uzito wa takriban kilo 28, na spika mbili za inchi 12. Kwa ndani, ina jambo ambalo amplifaya nyingi za wakati huo hazikuwa nalo: si amplifaya moja ya wati 120, bali ni mbili za wati 60, kila moja ikiendesha spika yake.

Siri ya ndoo zinazopokezanwa

Kwa nini Roland walitenganisha spika hizo? Jibu limo katika neno la pili la jina la chombo, yaani korasi. Watu kumi wakiimba noti moja pamoja, hakuna wawili watakaolingana kikamilifu. Mmoja atatangulia kidogo, mwingine atachelewa, mwingine atapanda au kushuka kwa kiasi kidogo sana. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazoipa kwaya upana ambao mwimbaji mmoja hawezi kuupata. Wahandisi wa Roland walitaka gitaa moja lisikike vivyo hivyo.

Njia waliyoitumia ilitokana na chipu ya aina iliyobuniwa mwaka 1969 katika maabara za Philips nchini Uholanzi, na baadaye kutengenezwa kwa wingi nchini Japani na kampuni ya Matsushita, inayojulikana leo kama Panasonic. Wahandisi huilinganisha na watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo za maji. Ndani ya chipu mna mamia ya vihifadhi vidogo vya umeme. Kila kimoja hupokea kiasi fulani cha chaji kutoka kwa jirani yake wa nyuma na kukipitisha kwa wa mbele. Kwa kuwa safari hiyo huchukua muda, sauti inayotoka mwisho wa mstari huwa imechelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Wanaopokezana wakiharakisha, ucheleweshaji hupungua na sauti hupanda kidogo. Wakipunguza mwendo, sauti hushuka. JC-120 hubadilisha mwendo huo polepole, kwa mzunguko usiokoma. Sauti iliyocheleweshwa hupelekwa katika spika moja, na sauti ya asili katika spika ya pili. Mchanganyiko haufanyiki ndani ya waya, bali hewani, katika nafasi iliyo kati ya spika na msikilizaji. Ndiyo maana wapigaji husema kwamba rekodi haiwezi kuonyesha kikamilifu kile kinachosikika mtu anaposimama mbele ya sanduku lenyewe.

Mwaka 1976 Roland waliitoa sehemu hiyo ya korasi katika kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu kiitwacho CE-1, kilichokuwa cha kwanza kwa jina la Boss. Lakini wengi waliendelea kuipendelea amplifaya yenyewe. Robert Smith wa The Cure, Johnny Marr wa The Smiths na Adrian Belew wa King Crimson ni miongoni mwa waliojulikana kwa kuitumia. Hata bendi ya Metallica, ambayo muziki wake umejengwa juu ya mkwaruzo mzito, iliichagua kwa sehemu zake tulivu. JC-120 ingali inatengenezwa hadi leo, karibu nusu karne tangu itoke, na nchini Japani kwenyewe ni vigumu kuingia katika studio ya mazoezi bila kuikuta.

Si Roland pekee

Yamaha ya Hamamatsu, kampuni iliyochimbukia kwenye kutengeneza vinanda mwaka 1887, nayo ilikuwa na mchango wake. Mfululizo wake wa G wa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ule wa 1980, hasa G50 na G100, ulijengwa kwa uimara. Matoleo ya baadaye yalimpa mpigaji uwezo wa kuchagua mwenyewe eneo la sauti analotaka kuliongeza au kulipunguza, badala ya kumwachia besi na treble tu. G100-112 ina wati 100 na spika moja ya inchi 12, nguvu inayotosha ukumbi wa kadiri.

Roland nao, mwishoni mwa miaka ya 1970, walitoa amplifaya ndogo za Cube. Zile za rangi ya chungwa, hususan Cube-60, zimependwa na wapigaji wa jazi kwa sababu ni rahisi kubeba, na sauti yake ni ya joto kuliko mtu anavyotarajia kwenye transista.

Vyombo hivi vyote vilishiriki jambo moja: waundaji wake hawakujaribu kuiga valvu. Walijiuliza ni kitu gani ambacho transista hukifanya vizuri zaidi, wakakijengea chombo.

Kwa nini zinapendwa

Sababu ya kwanza ni usafi wa sauti. Amplifaya ya transista iliyoundwa vyema hubaki safi hata sauti inapokuwa kubwa. Kinachopigwa ndicho kinachosikika, pamoja na makosa yake. Msikilizaji wa Afrika ya Mashariki na Kati hahitaji maelezo marefu hapa. Katika rumba ya Kongo na muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, magitaa mawili au matatu husukana kama ukili: la solo, la rizimu, na lile la kati liitwalo mi-solo. Kila moja lina mstari wake. Mkwaruzo ukizidi, mistari hiyo huvurugika na kuwa uji mmoja. Sauti safi huacha kila uzi uonekane, na ndiyo sauti ambayo Jazz Chorus na G100 ziliundwa kuitoa.

Sababu ya pili ni kwamba amplifaya safi huwa msingi mzuri wa visanduku vya kukanyagwa kwa mguu. Mpigaji wa leo mara nyingi hupata mkwaruzo, mwangwi na madoido mengine kutoka kwenye visanduku hivyo. Amplifaya isiyoongeza ladha yake humpa turubai jeupe.

Sababu ya tatu ni kutegemeka. Hakuna valvu za kubadilisha, wala kusubiri zipate joto. Chombo hufanya kazi usiku wa leo kama kilivyofanya jana. Kwa bendi inayosafiri katika barabara mbovu na kupiga mahali ambapo duka la valvu halipo, faida hiyo huzidi mjadala wowote wa ladha.

Sababu ya nne ni kwamba vinatengenezeka. Saketi za miaka ya 1970 zilijengwa kwa vipuri vinavyoonekana kwa macho, vilivyolehemiwa kimoja kimoja kwenye ubao. Fundi wa redio mwenye kipima umeme, chuma cha kulehemu na subira anaweza kutafuta hitilafu na kubadilisha kipuri kimoja. Vyombo vingi vya kisasa hukusanya kila kitu katika ubao mmoja wenye chembe ndogo mno. Ubao ukifa, chombo chote hutupwa.

Haimaanishi kwamba kila mpigaji atazipenda. Kitufe cha mkwaruzo cha JC-120 kinalalamikiwa na wengi, wakiwemo mashabiki wa chombo chenyewe. Anayetaka amplifaya inayonguruma kwa kuguswa kidole tu atafute valvu. Tena JC-120 si nyepesi: kilo 28 ni mzigo kwa mtu anayepanda daladala.

Sheria iliyotishia kuziondoa sokoni

Mwaka 2006 vyombo hivi vilikaribia kutoweka katika maduka ya Japani, si kwa kukosa wanunuzi bali kwa nguvu ya sheria. Sheria ya usalama wa vifaa vya umeme iliyoanza kutumika Aprili 2001 ilivitaka vifaa vinavyouzwa viwe na alama mpya ya usalama iitwayo PSE. Vile vilivyotengenezwa kabla ya hapo vilipewa muda wa mpito. Kwa kundi lililojumuisha vyombo vya muziki vya umeme, muda huo ulikuwa miaka mitano, na ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Machi 2006.

Wauzaji wengi wa bidhaa zilizokwishatumika waligundua wakiwa wamechelewa kwamba katazo hilo liliwahusu na wao. Chombo kilichotengenezwa mwaka 1975 hakingeweza kuwa na alama iliyobuniwa mwaka 2001. Kwa hiyo amplifaya, sinthesaiza na vinanda vya umeme vya vizazi vilivyotangulia vingekosa njia halali ya kuuzwa dukani.

Wanamuziki walipinga. Aliyesikika zaidi alikuwa Ryuichi Sakamoto, mtunzi aliyepata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu ya The Last Emperor, na aliyefariki mwaka 2023. Yeye na wenzake walihoji kwamba chombo cha muziki si jokofu: hakina mbadala mpya unaofanya kazi ileile, na kukizuia kisiuzwe ni kukata urithi wa utamaduni. Maelfu ya watu walitia saini ombi lao. Mwezi Machi 2006 Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ilitangaza utaratibu maalumu kwa vyombo vya kale vyenye thamani, kisha ikalegeza msimamo kwa wauzaji wa mitumba kwa jumla. Mwaka 2007 sheria yenyewe ikarekebishwa ili vifaa vilivyotengenezwa kwa kufuata sheria ya zamani viweze kuuzwa bila alama mpya.

Mzozo huo uliacha funzo kwa pande zote mbili. Serikali haikuwa imekosea kuhofia usalama, kwani kifaa cha umeme cha miaka 40 kinaweza kuua. Wanamuziki nao hawakukosea kudai kwamba umri si ushahidi wa ubovu. Suluhisho lililobaki ni ukaguzi wa fundi anayejua anachokitazama, na hilo linamhusu moja kwa moja mnunuzi wa Afrika Mashariki.

Volti 100 si volti 240

Wakazi wa Afrika Mashariki wamezoea bidhaa zilizotumika kutoka Japani, kuanzia magari hadi vyombo vya nyumbani. Lakini gari halichomekwi ukutani. Umeme wa majumbani nchini Japani ni volti 100. Tanzania hutumia volti 230, na Kenya 240. Amplifaya iliyoundwa kwa soko la ndani la Japani ikichomekwa katika soketi ya Dar es Salaam au Nairobi hupokea umeme zaidi ya maradufu ya kiwango chake. Ikiwa na bahati, fyuzi hukatika mara moja. Isipokuwa na bahati, transfoma na kapasita huungua, na pengine spika pamoja nazo.

Kabla ya kuchomeka chochote, soma bamba lililo nyuma ya chombo. Likiandikwa volti 100 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 au 240 hadi 100, yenye uwezo mkubwa kuliko matumizi ya amplifaya yaliyoandikwa kwenye bamba hilohilo. Angalia kiwango cha 100, kwa maana transfoma nyingi madukani hushusha hadi 110, kwa ajili ya vifaa vya Kimarekani. Baadhi ya matoleo yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Japani huwa yameandikwa 220, 230 au 240, na hayo hayahitaji transfoma.

Kuhusu masafa ya umeme hakuna sababu ya hofu. Japani ina jambo la ajabu: mashariki yake, pamoja na Tokyo, hutumia hezi 50, na magharibi yake, pamoja na Osaka, hutumia hezi 60. Chanzo chake ni mitambo ya kwanza ya karne ya 19, ambapo Tokyo ilinunua kutoka Ujerumani na Osaka kutoka Marekani. Kwa sababu hiyo vifaa vya Kijapani kwa kawaida huundwa kukubali masafa yote mawili, na umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50.

Hatari nyingine haionekani kwenye bamba. Vyombo vingi vya zamani vya soko la Japani vina plagi ya miguu miwili, isiyo na waya wa ardhi. Nyuzi za gitaa huunganishwa na mwili wa chuma wa amplifaya. Pakitokea hitilafu ndani, umeme unaweza kufika hadi kwenye vidole vya mpigaji, naye akigusa kipaza sauti kilichounganishwa na ardhi, mkondo hupita mwilini mwake. Mwombe fundi aweke waya wa nyaya tatu wenye ardhi kabla chombo hakijapanda jukwaani. Gharama yake ni ndogo, na haiathiri sauti.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Washa chombo bila kuchomeka gitaa, kisha sikiliza. Mvumo mzito usiobadilika unapogeuza kitufe cha sauti mara nyingi ni dalili ya kapasita kubwa za umeme kukauka, jambo la kawaida baada ya miongo kadhaa. Hubadilishwa, na vipuri vyake vinapatikana. Vitufe vinavyokwaruza vinapozungushwa huwa na vumbi au kutu, na mara nyingi dawa ya kusafishia hutosha.

Kisha piga gitaa kwa sauti ya chini na ya juu, ukisikiliza kila spika peke yake. Katika JC-120, hakikisha kwamba spika zote mbili zinatoa sauti na kwamba korasi inafanya kazi. Chipu ya korasi ikifa, ukarabati ni mgumu zaidi, kwa kuwa Matsushita walikwisha kuacha kuzitengeneza zamani. Baadhi ya viwanda vya Asia hutengeneza nakala, lakini fundi atahitaji kuwa na uhakika kwamba aliyoinunua inalingana na saketi.

Mwisho, usikifungue chombo mwenyewe kama hukufunzwa. Ingawa transista hazihitaji mamia ya volti kama valvu, umeme wa ukutani huingia ndani kwa ukamilifu wake, na kapasita kubwa huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, nao mafundi wangeongeza kwamba dhahabu hupimwa kabla ya kununuliwa. Amplifaya iliyopita katika mikono ya fundi mwema, ikapewa umeme wa kiwango chake na waya wa ardhi, haina sababu ya kutofanya kazi kwa miaka mingine mingi. Iliyochomekwa kwa haraka ukutani inaweza kwisha kabla ya noti ya kwanza.